Sufuria Likiungua, Nani Anasugua?

Jumapili alasiri, uani kwa shangazi yangu pale Makorora, Tanga. Harusi imekwisha jana yake, mikeka imeshakunjwa, viti vya kukodi vimeshaondoka, na binti mmoja wa nyumba ile kakaa kwenye kigoda katikati ya masufuria mawili ya pilau, yale ya kilo ishirini. Yote mawili yameungua. Na siongelei matandu yale ya watu kugombania, naongelea mkaa mtupu, umeganda chini ukubwa wa sinia. Mbele yake kopo la mchanga, stilwaya na sabuni ya unga. Kaanza baada ya adhuhuri, magharibi inaadhiniwa bado yupo pale pale na sufuria moja.

Nikamwona anafuta vidole kwenye kanga kwa kuibia. Ncha zimechubuka zote, mchanga na sabuni vimeingia humo humo.

Sufuria likaletwa barazani kwenye taa, jeupe, linametameta. Bibi mmoja wa kikundi chetu cha kukodisha masufuria, mtu ambaye mimi namheshimu sana, akaligonga kwa kidole akasema, "Ahaa, sasa hili ndo sufuria. Huyu binti ataolewa."

Watu wakacheka kwa furaha, binti naye akacheka.

Mpishi aliyeyaunguza alikuwa ameshalipwa na keshakwenda zake toka usiku.

Wiki zimepita, hilo jambo halijanitoka kichwani. Nimejaribu kulipuuza nimeshindwa, basi naliandika.

## Lile la pili

Sufuria la pili liliwekwa pembeni na kuhesabiwa limekufa. Mpango ulikuwa wapite wale vijana wa skrepa na toroli lao wapimiwe kwa kilo, hela iingie kwenye mfuko wa kikundi. Nikamwomba bibi anipe kabla hawajapita. Akaniangalia akasema, "Lichukue mwanangu, lakini likirudi lirudi linang'aa."

Nikasema sawa bibi. Wakati ule sikuona tatizo lolote kwenye hilo sharti.

Nililichukua kwa sababu moja tu, nilitaka kujua kama ile kazi ya binti ilikuwa ya lazima. Maana kila mtu pale alikuwa na uhakika ni lazima. Mimi mwenyewe nimelelewa hivyo hivyo, somo wangu kabla ya harusi yangu aliniambia mwanamke anajulikana kwa vitu viwili, mlango wa choo chake na tako la sufuria yake.

## Kilichoganda chini ni nini hasa

Nikaanza kusoma na kuuliza, na kitu cha kwanza nilichokielewa kilinibadilisha kabisa namna ya kuliangalia lile doa.

Chakula kikiungua sana kinabaki kaboni, yaani mkaa. Na mkaa hauyeyuki. Hauyeyuki kwa sabuni, kwa siki wala kwa kitu chochote ulichonacho jikoni, hata uumwagie chupa nzima. Kwa hiyo anayetafuta dawa ya kuyeyusha anatafuta kitu ambacho hakipo. Ila ule mkaa haujajishikiza wenyewe, umeshikwa na wanga wa mchele, na mafuta, na sukari ya vitunguu, vitu ambavyo vimeungua nusu nusu, na hivyo maji ya moto yanaviingia. Vinavimba, vinalegea, na kitu chenye ualkali kama bekingi soda kinavunja yale mafuta, halafu gamba zima linaachia lenyewe.

Mkono hauna kazi kubwa hapo, kazi ni ya maji na muda.

Basi nikafanya hivi. Sufuria likiwa limepoa (usimimine maji baridi kwenye sufuria la moto, linapinda tako na halitakaa sawa jikoni tena), nikatia maji mpaka yakafunika doa lote, bekingi soda kama kijiko kikubwa kwa kila lita, nikachemsha dakika ishirini hivi moto wa wastani, nikazima, nikafunika, nikaenda kulala. Asubuhi nikapitisha mwiko wa mti.

Jamani. Lilitoka mapande mapande, mapana kama kiganja.

Hapa niseme kitu kuhusu zile video za kuchanganya siki na bekingi soda pamoja, povu linapanda, watu wanashangilia. Lile povu ni vitu viwili vinauana. Siki ni asidi, soda ni alkali, zikikutana hewa inatoka na unabaki na maji yenye chumvi chumvi ambayo hayana nguvu ya maana upande wowote. Tumia kimoja, mwaga, suuza, halafu ndo utumie kingine. Na dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe usiilete kabisa kwenye sufuria, inatoboa alumini vidoto vidoto, na ukiichanganya na siki au ndimu inatoa hewa ya sumu ya klorini, na jiko la uani lenye mlango mmoja si mahali pa kujaribia hilo.

## Umeliua

Gamba lilitoka, lakini sufuria lenyewe ndani likawa jeusi jeusi, kijivu cha kuiva, kuanzia chini mpaka pale maji yalipofika. Na mstari kabisa kama limepimwa kwa rula.

Shangazi alipoliona akashika kiuno, "Umeliua."

Siku ile nilikata tamaa kweli. Nilijiuliza kama labda wao wazee wako sahihi na haya mambo ya kusoma soma yanatupotezea tu vyombo, maana lile la binti lilikuwa linang'aa na langu lilikuwa kama limetoka shimoni.

Nikarudi kuuliza tena. Alumini siku zote ina ngozi nyembamba sana juu yake, inajitengeneza yenyewe ikikutana na hewa, na ngozi hiyo ndiyo inayoilinda isiliwe. Alkali inaichokoza ile ngozi na rangi inageuka. Hata maji matupu yanaweza kufanya hivyo, angalia sufuria yako ya kuchemshia mayai, ule weusi wa ndani haujatokana na uchafu. Bekingi soda inafanya kidogo. Magadi ya maharage yanafanya zaidi. Kostiki ya kutengenezea sabuni ndiyo usiitie kabisa, inaila alumini mbele ya macho yako, inafoka, inatoa hewa inayoshika moto na matone yake yanababua ngozi.

Sasa kama alkali imeleta weusi, asidi inauondoa. Na Tanga nani akose asidi? Nilikuwa na makapi ya ukwaju, yale ya kokwa na nyuzi ukishakamua juisi, nikayatupia na maji, nikachemsha robo saa. Weusi ukaanza kuondoka nikiwa nimesimama pale pale naangalia. Ndimu inafanya hivyo hivyo, maganda yaliyokamuliwa yanatosha, usinunue mpya. Yale maji yake mwaga, usiyapikie kitu.

Sufuria likabaki na weupe uliopoa. Safi, halina harufu, halinati. Ila halikuwa kioo.

Na sharti la bibi lilikuwa ling'ae.

## Yale maji ya kijivu

Nilitaka kumaliza kwa kulipitishia stilwaya kidogo tu, nimridhishe bibi, mambo yaishe. Kilichonizuia ni fundi mmoja anayeziba sufuria kule Ngamiani. Nilipita kwake na sufuria nyingine kabisa, yangu ya nyumbani, ya uji, ilikuwa inavuja. Akainyanyua kwenye jua akaniambia chungulia. Nikaona vitundu vidogo kama vya sindano, vimekaa mduara, katikati ya tako na pale ubavu unapokutana na tako.

Nikamwambia labda ni moto. Akasema moto unaunguza katikati, huu mduara ni wa mkono. Ndipo mkono wa msuguaji unapozunguka kila siku.

Halafu akaniuliza, ukiisugua na mchanga maji yanatoka rangi gani? Nikasema kijivu. Akasema, "Na ukiendelea?" Nikasema kijivu tu. Akasema, "Basi hiyo ndo sufuria yako, unaimwaga."

Nilirudi nyumbani nikaichukua sufuria isiyo na doa lolote, imeoshwa, imekauka, nikaisugua na mchanga kidogo na maji. Kijivu. Nikasuuza, nikasugua tena. Kijivu. Mchanga wetu wa pwani una chembe za jiwe gumu mara nyingi kuliko alumini, haiwezekani vikutane na alumini isibanduke. Yale maji hayawezi kuwa meupe hata usugue mpaka asubuhi.

Hapo ndipo nilipokaa chini kwa kweli. Maana alasiri ile pale uani, kila binti alipotaka kuinuka, kuna mtu alikuwa anapita anachungulia anasema, "Bado, maji yake bado machafu." Na yeye anarudi kukaa. Tulikuwa tumempa kazi ambayo haina mwisho, na kipimo cha kuimaliza hakikuwahi kuwepo.

Hili ndilo linaloniuma kuliko vidole vyenyewe.

Na kuna la zaidi. Ile ngozi ya alumini tunayoikwangua ndiyo inayozuia alumini yenyewe isiingie kwenye chakula. Sufuria iliyotoka kusuguliwa ikawa kioo, ukapika humo mchuzi wa nyanya na ukwaju, inaachia alumini nyingi kuliko ile iliyozeeka ikawa na ukijivu wake. Sufuria mpya kwa hiyo, au iliyotoka kukwanguliwa, chemshia maji kwanza, mwaga, ndo upikie. Na kwa hizi zinazotengenezwa kwa kuyeyusha mabaki ya vyuma naomba tuwe makini zaidi, kuna watafiti walipima vyombo vya aina hiyo kutoka nchi kumi, Tanzania ikiwemo, matokeo yakachapishwa 2017, na baadhi ya vyombo vilitoa madini ya risasi. Risasi kwa mtoto mdogo ni balaa, inaingia kwenye ubongo. Simwambii mtu atupe sufuria zake, wengi wetu hatuna nyingine, nasema tu tusizikwangue na tusilaze mchuzi wenye uchachu humo.

## Cha kusugulia tunacho

Tunaishi kwenye mji wa mkonge halafu tunanunua waya. Mkonge ulifika huku 1893, kaja nao Mjerumani Richard Hindorf, miche mingi ilikufa njiani ikapona 62, na kutokana na hiyo mashamba yakaenea mkoa mzima. Tukasuka kamba, tukasuka magunia. Mimi sasa nachukua mabaki ya katani, nayafunga fundo, nasugulia. Ni kali kiasi cha kuondoa gamba lililokwisha loweka na haliachi mchubuko kwenye alumini. Makumbi ya nazi pia, na dodoki kwa vyombo laini. Majivu yako sawa ukiyachekecha, yana ualkali wake unaokata mafuta, lakini kwa alumini usiyalaze humo, sugua usuuze, vinginevyo unarudi kwenye ule weusi.

Masizi ya nje nayo yana dawa yake ya zamani ambayo wapishi wa siku hizi wanaiacha kwa haraka. Kabla sufuria halijapanda kwenye mafiga, unalipaka nje majivu yaliyokorogwa na maji, au sabuni ya mche. Masizi yanakaa juu ya ule mpako. Ukiosha vinaondoka pamoja. Dakika mbili za kupaka zinaokoa saa nzima ya binti wa watu.

Wa gesi nanyi msijione mmepona. Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia 2024, lengo ni asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, na mimi naunga mkono kabisa, mapafu yetu yamechoka. Lakini sufuria nyembamba tulizozoea kwenye mkaa zinaungua vibaya kwenye gesi, moto umejikusanya mduara mmoja, pembeni wali mbichi katikati umeshageuka mkaa. Shusha moto mapema, au tafuta sufuria nzito hata ikiwa moja tu. Na ukiona sufuria ya gesi ina masizi chini, kosa liko kwenye jiko, moto wake utakuwa wa njano. Zibua vile vitundu au mwite fundi.

## Vyombo vingine, kwa kifupi

Stenles inavumilia, bekingi soda haiigeuzi, na ikiwa na rangi rangi za upinde wa mvua futa na siki. Kikaango cha chuma ule weusi wake ni mafuta yaliyoungua yakawa ngozi, ndiyo yanayofanya chapati isinate, ukiukwangua umekirudisha sifuri, kioshe, kikaushe motoni, kipake mafuta kidogo. Chungu cha udongo kina vinyweleo, sabuni inaingia humo na utaila kesho kwenye samaki, chemshia maji matupu na usugue na katani.

Nonstiki iliyoungua mpaka ikababuka siwezi kukudanganya kwamba inarudi. Hairudi. Ile ngozi inaanza kuharibika ikipita nyuzi joto 260 hivi, na ikizidi sana inatoa moshi ambao unaua hata ndege wa kufugwa waliomo ndani ya nyumba. Usiiache tupu kwenye moto, na ikishababuka iache iende.

## Bibi aliponijibu

Nilimrudishia sufuria lake. Nikamweleza yote, fundi, maji ya kijivu, vidole. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, sisi tumesugua hivi toka tuko wadogo na tumeishi. Sasa sufuria lisipong'aa mtu atajuaje ni safi?"

Nilikuwa nimejiandaa kubishana. Hilo swali sikuwa nimejiandaa nalo.

Maana ana haki. Enzi zao maji ya kisima, sabuni ya kubahatisha, mchanga bure. Mng'ao ulikuwa ndiyo alama pekee kwamba mafuta ya jana hayajabaki yakavunda na kuumiza matumbo ya wageni. Na kikundi chetu kinaishi kwa jina lake. Mtu akija kukodi akakuta masufuria ya kijivu ataenda kwa wenzetu, na hatarudi kuuliza kwa nini. Ukinyang'anya watu kipimo lazima uwape kingine, la sivyo umewaletea uchafu tu kwa jina la elimu.

Nikaondoka bila jibu. Nilifikiria kitambaa cheupe, ukifuta ndani kibaki cheupe, lakini haiwezekani, alumini hata ikiwa safi inaachia ukijivu kwenye kitambaa. Nikafikiria mwisho maji ya moto. Unatia maji safi, unachemsha, unaangalia juu. Mafuta yaliyobaki yanaelea, unayaona macho macho yanazunguka. Unainamia unanusa mvuke, wali wa jana una harufu yake na pua haidanganyiki. Kisha unapitisha kiganja ndani, kusiwe na pahali panapokwaruza wala kunata.

Nikamfanyia bibi mbele yake, kwa lile lile sufuria langu la kijivu, halafu kwa lile la binti linalong'aa. Na kwenye lile linalong'aa, chini ya ukingo pale palipokunjwa, mafuta yalitoka yakaelea. Mkono wa mchanga haukufika pale, au ulifika umechoka.

Bibi akachukua kijiko akayakusanya mwenyewe, akayanusa.

## Tulipofikia

Hatukukubaliana kila kitu. Ndani hakuna mchanga wala stilwaya tena, hilo amelitangaza yeye mwenyewe kwenye kikao, na likitoka kwake halina mjadala. Nje ameng'ang'ania ling'ae, anasema nje ndiko wageni wanakoona na hakupikwi kitu. Mimi ningetaka hata nje tupumzike, lakini sina hoja ya kumshinda, kwa hiyo nje tunapaka majivu kabla na tunaosha na katani baada, na anayetaka mng'ao zaidi ya hapo anausugua yeye. Mpaka sasa aliyejitokeza ni yeye bibi tu, kwa mkono wake.

Anayekodi anarudisha sufuria likiwa limelowekwa, limejaa maji. Wale vijana waliobeba masufuria kuyaleta ndio wanaoyamwaga na kuyageuza, maana sufuria la kilo ishirini lenye maji binti hawezi kulinyanyua na hatakiwi. Kuhusu vijana kukwangua bado kuna mama wawili watatu wananuna. Nawaelewa, na sitaacha kulisema.

Binti nilimwonyesha vitundu vya sufuria yangu ya uji, kwenye jua, kama nilivyoonyeshwa. Akaniuliza kwa nini basi hakuna aliyemwambia siku ile. Nilimwambia ukweli, pale uani hakuna aliyekuwa anajua.

Kilichobaki ni suala la wapishi. Mfunguo mosi harusi zinaanza tena, na kikao cha mwisho tuliongea na mpishi, si kwa ugomvi. Pilau likishapakuliwa asubiri sufuria lipoe, atie maji mpaka lifunike chini, ndipo aje achukue nusu ya pili ya hela yake. Alicheka kwanza. Kisha akauliza nani atakuwa anakagua, na bibi akanyoosha mkono.